Kichwa Mikononi mwa Mwingine

Kwa muda wa miaka 3 na miezi 2 kichwa changu hakikuguswa na wembe wala mkasi, na sababu yake haikuwa nadhiri, wala msiba wa nyumbani kwangu, wala tamaa ya kufuata mtindo wa vijana, bali jambo ambalo hata mke wangu, anijuaye kuliko ninavyojijua, aliliona dogo mno kuweza kuzaa kichaka kikubwa kama kile: kinyozi wangu alikuwa amefariki dunia. Mzee huyo, ambaye nilianza kumwinamishia kichwa tangu nilipopelekwa kwake na marehemu baba nikiwa bado sijaingia chuoni, alikuwa na kiti chake chini ya mwarobaini katika mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga, na mali yake yote ya kazi ilienea ndani ya kisanduku cha mbao: mkasi mrefu, kitana, wembe wa kukunja alioutia makali kwa ukanda wa ngozi, brashi ya sabuni, donge la shabu la kuzuia damu, na kioo kilichomeguka pembe moja. Magharibi ilipokaribia alizikusanya nywele za wateja wake wote wa siku ile akazifukia shinani mwa mwarobaini, kwa kuwa aliona si adabu kitu kilichotoka katika mwili wa mtu kipeperushwe na upepo au kikanyagwe na wapita njia.

Alipokufa, nilijiambia kuwa nitatafuta kinyozi mwingine baada ya arobaini yake. Arobaini ikapita, na kila nilipofika mlangoni mwa saluni moja au nyingine, nikaona vijana wamekaa mbele ya vioo vikubwa na muziki unalia, mguu wangu ulikataa kuvuka kizingiti. Mwaka wa kwanza jamaa walinitania. Mwaka wa pili walinizoea. Mwaka wa tatu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini, kama wamuulizavyo mgonjwa, iwapo nina ahadi niliyoiweka kwa Mungu. Kofia yangu ya viua, aliyoishona mamangu kwa mkono wake, ilikuwa haiingii tena kichwani, nikawa naikunja na kuitia mfukoni ninapokwenda msikitini.

Unywele ni kitu cha ajabu, maana ni maiti inayozaliwa na kilicho hai. Chini ya ngozi, katika kishimo kidogo kisichoonekana kwa macho, kuna shina linalolishwa na damu, na shina hilo husukuma juu uzi mgumu wa aina ile ile ya kitu kinachofanya kucha zetu na kwato za ng'ombe. Uzi huo ukishachomoza nje hauna tena damu wala hisia, ndiyo maana mkasi hupita kati yake bila ya mtu kuona uchungu. Kichwa cha mtu mzima hubeba nyuzi za namna hiyo zipatazo 100,000, na kila mmoja hurefuka kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi, ingawa nywele zetu zilizojisokota hukua kwa taratibu kidogo kuliko zilizonyooka, na kwa kujikunja kwake huonekana fupi kuliko zilivyo hasa. Lakini kukua huko kuna ajali yake: baada ya miaka 2 hadi 6, au zaidi kidogo kwa baadhi ya watu, shina hupumzika, unywele ukaanguka, na mwingine ukaanza safari upya mahali pale pale. Kwa hiyo kila siku hutupotea nywele 50 hata 100 bila ya sisi kujua, na mwenye kuziokota kwenye mto wake wa kulalia asubuhi hana haja ya kukimbilia kwa mganga.

Wengi huamini kwamba kunyoa huzifanya nywele ziote nene zaidi, na kina mama wengi huwanyoa watoto wao kwa matumaini hayo. Si kweli. Wembe haufiki kwenye shina, na shina ndilo lenye amri juu ya unene na wingi. Linalotokea ni kuwa unywele ambao haujakatwa una ncha iliyochongoka kama ya sindano, na uliokatwa una ncha butu, hivyo unapochomoza tena mkono huuhisi mgumu na jicho huuona mweusi zaidi.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na sisi tulioirithi methali hiyo twaitumia kwa kila jambo ambalo mtu hawezi kujitendea mwenyewe, hata tukasahau kuwa kabla haijawa mfano ilikuwa ni habari ya kweli ya kichwa na wembe. Kufuga nywele ni kazi ya mtu mmoja. Aweza kuifanya akiwa safarini, au gerezani, au msituni, wala hahitaji ruhusa ya mtu wala msaada wake. Kuziondoa baada ya kurefuka ni shauri jingine kabisa, maana kisogo hakionekani na mwenyewe, na wembe ulioelekezwa nyuma kwa mkono wa mwenye kichwa hupotea njia. Hapana budi mtu akae, ainame, anyamaze, na amwachie mwingine shingo yake. Ndipo nilipoanza kufikiri, katika miaka ile mitatu ya kichaka, kwamba huenda ukaidi wangu haukuwa wa kipuuzi kama ulivyoonekana, na kwamba swali la nani ashike wembe limewashughulisha watu wenye busara kuliko mimi.

Chukua habari ya Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Nyeri, katika nchi ya Kenya. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, bibi huyu alikuwa miongoni mwa wale walioingia msituni kupigania ardhi na uhuru katika jeshi la Mau Mau, na alipanda daraja hata akafikia cheo hicho, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine wa jeshi lile aliyelifikia. Msituni hapakuwa na kinyozi. Nywele za wapiganaji zilijisokota zenyewe kwa mvua na moshi na umande wa milima ya Nyandarua, zikawa ndiyo alama yao. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa mwaka 1956, akanyongwa mwezi wa Februari 1957. Wenzake waliobaki wakaendelea kuishi mwituni hadi bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Baada ya hapo wapiganaji wengi walizinyoa nywele zao na kurudi katika maisha ya mashamba na masoko. Muthoni hakunyoa. Mimba yake iliharibika huko mwituni, wala hakujaliwa mtoto tena, na alikuwa akisema kuwa Kenya ndiye mtoto wake wa pekee. Nywele zake alisema atazifuga mpaka ayaone kwa macho yake matunda ya uhuru alioupigania.

Basi alizifuga kwa muda wa karibu miaka 70. Zilishuka mgongoni, zikafika chini ya magoti, na mtu aliyesoma niliyoyaandika hapo juu atauliza kwa haki: imekuwaje, ilhali unywele mmoja hauishi kichwani kwa miaka mingi? Jibu lake, kwangu mimi, lina uzuri usio kifani. Katika nywele zilizosokotana na kushikamana, unywele uliokwisha muda wake hutoka katika kishimo chake lakini hauanguki chini. Hubaki umekumbatiwa na wenzake, na ule mpya unaoota nyuma yake hujisokota humo humo, na kadhalika, hata kamba nzima ikawa ni mkusanyiko wa vilivyo hai na vilivyokufa. Kamba zile ndefu hazikuwa nywele za bibi kizee peke yake. Ndani yake zilisokotwa nyingi ambazo zilikuwa zimekwisha kung'oka kichwani miaka mingi nyuma, naye hakukubali kuziacha.

Tarehe 2 Aprili 2022, umri wake ukiwa umepita miaka 90, alikubali zikatwe, na aliyemkabidhi kichwa chake alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa nchi na mama wa rais aliyekuwa madarakani siku ile. Habari hiyo ilizua mazungumzo mengi, na wapo waliosikitika kwa kuona kwamba wapiganaji wengi wa zamani walikuwa wamekufa maskini, bila ya ardhi waliyoimwagia damu, hivyo wakauliza matunda yenyewe yako wapi. Nami sina haki ya kumjibia. Nionalo ni kwamba bibi yule angeweza kumwita kinyozi yeyote wa Nyeri, na kazi ingekwisha kwa dakika chache. Lakini nywele za namna ile hazikutolewa ila kwa mkono alioukubali mwenyewe. Mwezi wa Septemba 2023 alifariki dunia.

Ukivuka kwenda upande wa Wamaasai, wa Kenya na wa Tanzania, utakuta swali hilo hilo limekwisha kujibiwa na mila tangu zamani, wala haliachwi kwa hiari ya mtu. Morani hufuga nywele zake katika miaka ya ujana wa vita, huzisuka nyembamba nyembamba na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, na fahari yake yote imo humo. Unapofika wakati wa sherehe iitwayo Eunoto, ambayo huwatoa marika hao katika umorani na kuwaingiza katika njia ya uzee na ndoa, kila mmoja huketi akanyolewa, na mwenye kumnyoa ni mama yake mzazi. Vijana ambao hawakutishwa na simba hulia machozi hadharani. Mama aliyemnyoa mwanawe alipokuwa mtoto mchanga ndiye anayerudi kumnyoa anapoacha ujana, na nadhani machozi yale ni ya wawili. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza sherehe hiyo, pamoja na mbili nyingine za marika ya kiume ya Wamaasai, katika orodha ya mambo ya urithi yanayohitaji kuhifadhiwa kwa haraka.

Kwetu pwani, mtoto mchanga hufanyiwa akika siku ya 7, hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na wenye kushika sunna kwa ukamilifu huzipima uzito na kutoa sadaka ya fedha kwa kadiri ya uzito huo. Kwa hiyo tangu mtu hajajua jina lake, kichwa chake kimekwisha kuwekwa mikononi mwa mwingine. Na katika bara, makabila si haba huwanyoa wafiwa siku ya kuanua matanga.

Lakini kisa kilichonigusa kuliko vyote nilikisoma zamani na sikukifahamu mpaka nilipokuwa na kichaka changu mwenyewe. Mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwa azma ya kufanya Umra, wakazuiliwa na Makureshi mahali paitwapo Hudaibiya, na ukaandikwa mkataba uliowalazimu kurudi mwaka ule bila ya kuiona Al-Kaaba. Mkataba ulipokwisha, Mtume aliwaambia wasimame, wachinje wanyama wao na wanyoe vichwa vyao. Hakusimama hata mmoja. Alirudia mara tatu, na watu wale waliokuwa radhi kumfia walikaa kimya kwa majonzi, maana kunyoa mahali pale kulikuwa ni kukiri kwamba safari imekwisha. Akaingia hemani kwa mkewe, Ummu Salama, akamweleza yaliyomkuta, na bibi huyo mwenye akili akamshauri atoke asiseme neno na mtu, achinje mnyama wake, kisha amwite kinyozi wake amnyoe. Alipofanya hivyo, watu waliinuka wote, wakachinja, wakanyoana wenyewe kwa wenyewe, na wasimulizi wamesema kuwa kwa wingi wa huzuni walikaribia kudhuriana. Nikiwaza mikono ile inayotetemeka, kila mmoja amekishika kichwa cha ndugu yake, naona wazi kwamba hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kuumaliza msiba ule peke yake.

Nitasema kidogo juu ya wanawake wa mijini, kwa kuwa binti yangu alinikumbusha kuwa habari hii si ya wanaume peke yao. Mwenye nywele za dawa, yaani zilizonyooshwa kwa madawa makali, akitaka kurudia nywele zake za asili hana njia ila kungoja ziote kwa miezi, kisha kuikata sehemu yote iliyotiwa dawa. Sababu ni kwamba dawa ile huvunja viungo vya ndani vya unywele moja kwa moja, na kilichovunjwa katika kitu kisicho na uhai hakiponi. Binti yangu alikatwa zake na rafiki yake, jikoni, kwa mkasi wa kushonea, na waliponiita kutazama wote wawili walikuwa na macho mekundu.

Ijumaa moja ya mwezi uliopita nilipita Ngamiani nikaona chini ya mwarobaini kiti kimerudi. Nyuma yake palikuwa na kibanda kipya cha mabati, na kijana wa umri wa miaka 25 hivi alikuwa akipangusa kioo. Nacho kilikuwa kimemeguka pembe.

"Shikamoo, babu," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe u nani kwa mwenye kiti hiki?"

"Ni mjukuu wake. Nilikuwa Dar es Salaam, nikijifunza kazi. Tangu nirudi nakuona ukipita, babu. Nilisema siku yako itafika."

Nilikaa bila ya kujibu. Alinifunga kitambaa shingoni, akazishika nywele zangu, akazipima kwa vidole kama apimavyo mshonaji kitambaa, akasema: "Ni kavu sana. Kwanza tuzitie maji."

Hapo nilicheka kwa furaha, maana babu yake alikuwa akituambia hivyo sisi tuliokuwa tukingoja zamu kwenye benchi, na ndiyo asili ya ile methali nyingine, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Maji huingia ndani ya unywele, hulegeza vifungo vyake vidogo vidogo, ukavimba kidogo na kulainika, ukavutika bila ya kukatika ovyo na kukubali makali bila ya kushindana nayo. Kisha akachukua mkasi, wala hakuigusa mashine kwanza. Mashine ya umeme, ambayo Mmarekani Leo Wahl wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois, aliiombea hataza mwaka 1919, ina safu mbili za meno, ya chini imetulia na ya juu ikienda mbio kushoto na kulia. Nywele fupi huingia kati ya meno hayo zikakatwa safi, bali ndefu hujikunja humo, zikavutwa na kuumiza ngozi. Kinyozi mwenye haraka anayeingiza mashine katika kichaka hajui kazi yake, hata kama saluni yake ina viyoyozi.

Alianza upande wa kulia, kama alivyoanza babu yake. Mafungu ya nywele yalianguka magotini pangu, meusi yaliyochanganyika na mvi ambazo sikujua kuwa ninazo nyingi kiasi kile. Baada ya mkasi ilikuja mashine, nayo aliipangusa kwa spiriti mbele ya macho yangu, na baada ya mashine wembe mpya aliouchana karatasi yake nikiona. Msomaji asiwe na haya kulidai jambo hili popote anaponyolewa. Mapunye, ambayo huwasumbua watoto wetu hasa, ni ugonjwa wa kuvu unaohama kichwa kwa kichwa kwa vitana na mashine zisizosafishwa. Na virusi vya homa ya ini ya aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka lisiloonekana, kwa siku 7 na vikawa bado vina nguvu ya kuambukiza. Wembe mmoja kwa kichwa kimoja ndiyo sheria.

"Kisogoni nisikwangue sana, babu?" aliniuliza.

"Kwa nini?"

"Nywele zetu zimejipinda. Ukizikata chini ya ngozi, zikirudi kuota ncha inageuka na kuchoma ndani, halafu unapata vipele, na vipele vya kisogo vikikaa sana vinakuwa makovu. Napita na mwelekeo wa nywele, sikwangui."

Nikafahamu ya kuwa nimekuwa mikononi mwa mtu anayejua. Nilifumba macho. Alikiinamisha kichwa changu kwa ncha za vidole viwili, nyuma kidogo ya sikio, mahali pale pale ambapo mkono wa babu yake ulikuwa ukikaa kwa miaka zaidi ya 40, na sijui kama alifundishwa au alirithi.

Alipomaliza alinipa kioo. Paji la uso lilikuwa na rangi mbili, ya chini iliyoungua na jua na ya juu iliyofichwa na nywele kwa miaka mitatu, na masikio yangu yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyakumbuka. Upepo wa baharini uligusa ngozi ya kichwa, nikausikia kama maji. Faraja hiyo haidumu juani: mwaka 2023 jarida la sayansi la PNAS lilichapisha utafiti wa Tina Lasisi na wenzake, ambao walikivisha kichwa cha sanamu yenye joto la mwili nywele za watu za namna mbalimbali na kukiangazia taa kali badala ya jua, wakaona kuwa nywele hupunguza joto la jua lifikalo kichwani, na zilizojisokota kama zetu hulipunguza kuliko nyingine zote. Niliitoa kofia mfukoni nikaivaa. Iliingia kwa urahisi, ikashuka hadi nyusini, kwa kuwa ilikuwa imetanuka siku zile nilipokuwa nikiilazimisha.

Nilimlipa, naye akachukua ufagio akaanza kuzikusanya nywele zangu. Zilikuwa lundo kubwa, akasimama akilitazama, na kando ya mlango palikuwa na ndoo ya taka.

"Babu alikuwa akizifukia," alisema, nusu ya kuuliza.

"Kila jioni."

Aliweka ufagio chini, akaingia kibandani, akatoka na jembe la kipini kifupi. Nilimwonyesha mahali.